Mwanga Ulio Dawa: Diodi za Mseto wa Nano na Polima, na Tiba ya Manjano ya Watoto Wachanga Kibondo na Kasulu

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mhudumu wa afya ataweza kueleza jinsi taa ya LED inavyotoa mwanga, tofauti iliyopo kati ya LED ya kawaida na LED ya mseto, na sababu ya mwanga wa bluu kutumika kutibu manjano ya mtoto mchanga. Aidha, ataweza kutambua makosa yanayoifanya taa nzuri ishindwe kutibu. Mzazi ataweza kuzitambua dalili za hatari na kujua ni wakati gani wa kumrudisha mtoto kituoni.

Utangulizi

Mama anapojifungua salama katika kituo cha afya, mara nyingi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Manjano ya kawaida ya mtoto mchanga hufikia kilele chake kati ya siku ya tatu na ya tano kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, na huchelewa zaidi kwa njiti. Maana yake ni kwamba siku ambazo mtoto anahitaji kutazamwa sana ndizo siku ambazo hayupo tena mbele ya muuguzi. Yumo ndani ya nyumba, amefunikwa vizuri kwa sababu ya baridi, mikononi mwa mama na bibi yake.

Katika nchi ya miinuko ya Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, usiku huwa na ubaridi na nyumba nyingi za vijijini hujengwa na madirisha madogo. Panapotumika koroboi, mwanga wake wenyewe ni wa njano. Kila kinachomulikwa nao hutiwa rangi hiyo, na umanjano wa ngozi ya mtoto hupotea ndani yake. Tochi na taa ndogo za sola zinazotumia LED hutoa mwanga unaoelekea bluu, nao pia huweza kuidanganya jicho, hasa kwa ngozi nyeusi. Hivyo mtoto huweza kuwa na manjano makali bila ya yeyote kuyaona. Dalili ya kwanza kuonekana ikawa ni kwamba mtoto analala sana, na wanaomtazama wakaufurahia usingizi huo kwa kudhani kuwa ni wa mtoto mtulivu.

Hapo ndipo suala la taa linapoacha kuwa la mafundi wa umeme peke yao. Mwanga unahitajika mara mbili: kwanza ili ugonjwa uonekane, kisha ili ugonjwa utibiwe. Kwa miaka mingi miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo ilitegemea mitambo ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, mpaka uunganishaji wa gridi ulipopiga hatua kubwa mnamo mwaka 2022. Hata hivyo, umeme kufika mjini si sawa na umeme kufika katika kila zahanati, wala umeme kufika si sawa na mwanga unaotibu. Somo hili linaichambua taa ya LED, linaeleza kizazi kipya cha taa zinazochanganya chembe za nano na polima, na linaonesha ni nini kinachoweza kutarajiwa kutoka kwao na nini kisichopaswa kusubiriwa.

LED ni nini?

LED ni diodi itoayo mwanga. Diodi ni kifaa kidogo kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Hutengenezwa kwa nusu-kipitishi, yaani dutu isiyopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuuzuia kabisa kama kioo. Ndani yake kuna tabaka mbili. Tabaka la kwanza lina elektroni za ziada; la pili lina nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, ambazo huitwa matundu. Umeme unapopita, elektroni hukutana na matundu na kuyajaza. Katika kukutana huko elektroni hupoteza nishati, na nishati hiyo hutoka ikiwa mwanga.

Balbu ya zamani ilitoa mwanga kwa sababu uzi wake ulichomwa na umeme mpaka ukawaka, na sehemu kubwa ya umeme ilipotea kuwa joto. LED haichomi kitu, ndiyo maana hutumia umeme kidogo na hudumu kwa makumi ya maelfu ya saa. Rangi ya mwanga wake hutegemea kiasi cha nishati ambacho elektroni huachia. Nishati ndogo hutoa mwanga mwekundu, na nishati kubwa hutoa bluu.

LED nyekundu zilianza kutumika katika miaka ya 1960. LED ya bluu yenye nguvu iliwashinda watafiti kwa takribani miaka thelathini, mpaka Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipofanikiwa kwa kutumia galiamu nitridi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mafanikio hayo ndiyo yaliyozaa taa nyeupe za leo. Ndani ya taa nyingi za LED nyeupe mna chembe ya LED ya bluu iliyofunikwa kwa unga wa fosfa ya njano, na bluu na njano zikichanganyika jicho huona weupe.

Kwa mhudumu wa afya kuna jambo la kuzingatia hapa. Weupe huo si sawa na weupe wa jua. Mwanga wa jua una rangi zote zikiwa zimekamilika. Taa nyingi za bei nafuu zina bluu nyingi na wekundu haba. Kwa hiyo rangi ya ngozi, ya ulimi na ya kope za ndani huweza kuonekana tofauti na ilivyo. Mtoto anayeshukiwa kuwa na manjano apelekwe karibu na dirisha au mlango, atazamwe kwa mwanga wa mchana.

Mseto wa nano na polima

LED zilizoelezwa hapo juu hutengenezwa kwa fuwele ngumu zinazokuzwa katika joto kali na kwa mitambo ya gharama kubwa. Njia ya pili ilianzia kwenye plastiki. Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli zilizounganika, kama shanga katika uzi mmoja. Plastiki ya ndoo ni polima, nayo haipitishi umeme. Lakini Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walionesha kwamba baadhi ya polima za kikaboni huweza kupitisha umeme, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuwa wamekwisha kuonesha kwamba polima ya aina hiyo ikipitishiwa umeme hutoa mwanga. Plastiki ikawa taa.

Njia ya tatu ilitokana na udogo. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya nusu-kipitishi inapopunguzwa hadi kufikia nanomita chache tu, elektroni zake hubanwa na kukosa nafasi, na nishati zinazoachia hubadilika kulingana na ukubwa wa chembe. Chembe hizo huitwa nukta za kwantamu. Mfano wake ni ngoma. Ngoma kubwa hutoa sauti nzito na ngoma ndogo hutoa sauti nyembamba, ingawa mti na ngozi ni vilevile. Kadhalika, nukta kubwa za kadimiamu selenidi hutoa mwanga mwekundu na ndogo zaidi hutoa mwanga unaoelekea bluu, ingawa dutu ni ileile. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa ugunduzi na utengenezaji wa nukta hizo.

LED ya mseto ni ndoa ya njia hizo mbili. Mwaka 1994 Vicki Colvin, Michael Schlamp na Paul Alivisatos wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza katika jarida la Nature diodi iliyounganisha nukta za kadimiamu selenidi na polima inayopitisha umeme. Rangi ya mwanga wake ilibadilika kutoka nyekundu hadi njano kwa kubadilisha ukubwa wa nukta. Umeme ulipoongezwa zaidi, polima yenyewe ilianza kuangaza kwa rangi ya kijani. Huo ulikuwa uthibitisho kwamba vitu viwili vyenye asili tofauti, madini na plastiki, huweza kushirikiana katika taa moja.

Diodi ya mseto ya leo hupangwa kama mkeka wa tabaka nyembamba. Chini huwa pana kioo au plastiki angavu yenye kipitishi kinachopenyeka mwanga. Juu yake huwekwa polima inayoleta matundu, kisha tabaka la nukta za kwantamu ambamo mwanga huzaliwa, kisha tabaka linaloleta elektroni, ambalo mara nyingi ni la chembe za nano za zinki oksidi, na mwisho kabisa metali. Sehemu kubwa ya tabaka hizo huweza kuyeyushwa katika kimiminika na kupakwa au kuchapwa kama wino. Hapo ndipo penye tumaini kwa tiba: taa huweza kuwa karatasi nyembamba inayopindika, yenye mwanga uliosambaa sawasawa, na yenye rangi iliyochaguliwa kwa usahihi.

Kwa nini mwanga wa bluu hutibu

Chembe nyekundu za damu zinapovunjika, mwili huzalisha bilirubini, ambayo rangi yake ni njano. Ini huibadilisha ili iyeyuke katika maji na kutolewa kwa njia ya nyongo. Ini la mtoto mchanga bado ni changa, nazo chembe zake za damu huvunjika kwa kasi kuliko za mtu mzima. Bilirubini hulimbikizana, na ikizidi huweza kupenya hadi kwenye ubongo. Mtoto anayenusurika madhara hayo huweza kubaki na uziwi, mtindio wa ubongo na matatizo ya macho kwa maisha yake yote. Madhara hayo hayarudi nyuma, lakini yanazuilika.

Tiba ya mwanga ilizaliwa kutokana na jicho la muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, mkoani Essex, Uingereza, Sista Jean Ward aliyesimamia wodi ya njiti alikuwa akiwatoa watoto nje wapate jua. Alitambua kwamba ngozi iliyopigwa na jua ilipoteza umanjano, na ile iliyofunikwa ilibaki njano. Madaktari wa hospitali hiyo waliufuatilia uchunguzi wake, na mwaka 1958 Cremer, Perryman na Richards walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kutumia taa badala ya jua.

Kinachotokea ni hiki. Bilirubini hufyonza mwanga wa bluu, hasa wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 460. Nishati ya mwanga huibadilisha molekuli umbo, nayo huweza kutoka kwa njia ya nyongo na mkojo bila ya kungoja kazi ya ini. Kwa hiyo mwanga ni dawa kwa maana kamili ya neno hilo. Una aina, una kipimo na una muda. Aina ni bluu ya nanomita 460 hadi 490. Kipimo cha tiba kali, kama kinavyoelekezwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, ni angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Muda huamuliwa kwa kupima bilirubini katika damu, si kwa kukisia.

Mseto umefika wapi?

Nukta za kwantamu zilizochanganywa katika utando wa polima tayari zimo katika televisheni zinazouzwa madukani, lakini humo kazi yake ni kubadilisha rangi ya mwanga wa LED ya kawaida iliyo nyuma yake. Diodi za mseto ambazo nukta zenyewe hupitishiwa umeme na kuangaza bado ziko zaidi katika maabara.

Kwa upande wa tiba, dalili za matumaini zipo. Mwaka 2014 watafiti wa Berkeley walionesha kipimo cha oksijeni ya damu kilichojengwa kwa diodi za polima zinazotoa mwanga wa kijani na mwekundu, badala ya mwekundu na ule usioonekana unaotumika katika oksimita za kawaida. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya KAIST, Korea Kusini, walichapisha kazi kuhusu kitambaa chenye diodi za kikaboni za bluu, kilichokusudiwa kumvisha mtoto mwenye manjano badala ya kumlaza uchi chini ya taa. Mtu akilifikiria hilo kwa macho ya Kibondo ataona thamani yake: mtoto angeendelea kunyonya na kubaki na joto la kifua cha mama, huku tiba ikiendelea.

Hata hivyo kuna vikwazo vitatu, na ukweli wake haupaswi kufichwa.

Kwanza, rangi anayoihitaji mtoto ndiyo rangi inayoisumbua teknolojia hii. Diodi za mseto za rangi nyekundu na kijani hudumu muda mrefu; zile za bluu huchoka mapema, kwa sababu nishati yake kubwa huzichosha polima na nukta zenyewe. Ugumu ulioikuta galiamu nitridi umejirudia kwa sura nyingine.

Pili, tabaka hizo huharibiwa na unyevu na oksijeni. Ni lazima zizibwe kabisa. Nyanda za juu za Kigoma hupata mvua kwa miezi mingi ya mwaka, na kifaa kilichopasuka ukingo kidogo tu huanza kufifia pasipo mhudumu kutambua.

Tatu, kadimiamu ni sumu inayodhuru figo na mifupa. Watafiti wanatumia dutu mbadala, kama vile indiamu fosfidi, lakini vifaa vyenye kadimiamu bado vipo. Kifaa cha aina hiyo kikiisha kazi hakipaswi kutupwa katika shimo la kuchomea taka la zahanati, bali kirejeshwe kwa utaratibu wa taka hatarishi.

Kwa sababu hizo, hospitali au kituo cha afya hakina haja ya kuisubiri diodi ya mseto. Taa za tiba za LED ya kawaida, za galiamu nitridi, zinatoa bluu inayotakiwa, zinatumia umeme mdogo unaoweza kumudiwa na sola yenye betri, na zinadumu. Kinachopungua mara nyingi ni namna ya kuzitumia.

Kutumia vizuri taa iliyopo

*Kupima mwanga.* Jicho haliwezi kupima kipimo cha dawa. Taa huweza kuonekana ya bluu kali na isifikie nusu ya kiasi kinachotakiwa. Kituo kinapaswa kuwa na kipimamwanga maalumu kwa tiba hii, na fundi wa vifaa tiba aandike matokeo kila mara. Pasipo na kipimo, maelekezo ya mtengenezaji kuhusu umbali yafuatwe bila ya kupunguza, kwa maana mwanga hudhoofika upesi taa inapoinuliwa juu. Vumbi juu ya kioo cha taa nalo hula mwanga, lifutwe.

*Eneo la ngozi.* Mwanga hutibu pale unapogusa. Mtoto abaki na nepi ndogo tu, macho yakiwa yamefunikwa. Shuka nyeupe zikiwekwa pembeni hurudisha mwanga uliopotea, ilimradi zisizuie hewa wala zisimfiche mtoto machoni pa muuguzi.

*Joto.* Taa za zamani za mirija zilimpa mtoto joto pamoja na mwanga. LED haina joto la kutosha, na sifa hii iliyo njema kwa umeme huwa hatari kwa mtoto. Mtoto aliye uchi chini ya LED, usiku wa baridi wa Kasulu, huweza kupoa mwili huku wote wakidhani kuwa yuko chini ya taa yenye joto. Chumba kitiwe joto na joto la mwili lipimwe kwa ratiba.

*Kunyonya.* Mtoto anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Taa huweza kusitishwa wakati wa kunyonya isipokuwa hali ikiwa mbaya sana. Maziwa husaidia bilirubini kutoka kwa njia ya choo.

*Kuona.* Chini ya mwanga wa bluu, mtoto aliyekosa oksijeni hawezi kutambulika kwa rangi ya midomo yake. Taa izimwe kwa muda mfupi wakati wa kumkagua. Vilevile mwanga huo huweza kuichanganya oksimita. Kitambuzi chake kifunikwe kwa kitambaa. Ikumbukwe pia kwamba utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kuwa oksimita huweza kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi. Namba ya kifaa isomwe pamoja na hali ya mgonjwa.

*Kupima damu.* Mtoto akishaanza tiba, ngozi hupauka kabla ya damu kusafika. Kuacha tiba kwa sababu ngozi imekuwa nzuri ni kosa. Kiwango kikiwa kinakaribia hatua ya kubadilisha damu, au mtoto ana dalili za ubongo, rufaa itolewe mara moja, na tiba ya mwanga isicheleweshwe wakati safari ikiandaliwa.

Kwa wazazi na walezi

Manjano ya mtoto mchanga wengine huyaita homa ya manjano. Jina hilo linachanganya. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Manjano ya mtoto hayaambukizi mtu yeyote.

Mtoto atazamwe kila siku kwa wiki ya kwanza, asubuhi, karibu na mlango, kwa mwanga wa mchana. Bonyeza ngozi ya paji la uso au ya kifua kwa kidole kisha achia, utazame rangi inayobaki. Tazama weupe wa macho na fizi. Apelekwe kituoni bila ya kungoja kesho iwapo:

- manjano yameonekana ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa;
- viganja au nyayo zimekuwa za njano;
- hanyonyi vizuri, au analala kiasi cha kushindwa kuamshwa ili anyonye;
- analia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida, anapinda shingo na mgongo kwa nyuma, au anapata degedege;
- manjano yamezidi siku 14, au choo chake ni cheupe.

Kumwanika mtoto juani si mbadala wa tiba. Ni kweli kwamba jua lina bluu inayotibu, na nchini Nigeria watafiti wamelitumia chini ya mapaa maalumu yenye utando unaochuja miale inayounguza, mtoto akiwa chini ya uangalizi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Lakini jua lisilochujwa huunguza, hupunguza maji mwilini, na mtoto aliyevuliwa nguo katika upepo wa asubuhi huweza kupoa. Vivyo hivyo, taa ya bluu ya mapambo au tochi ya simu haitibu. Bluu yake huonekana, lakini kipimo hakitoshi.

Jambo jingine linahusu nguo. Katika nchi zenye malaria, baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na chembe zao za damu huvunjika kwa urahisi. Vidonge vya naftalini vinavyowekwa katika masanduku ili kufukuza nondo huweza kuwaletea manjano makali. Nguo za mtoto na khanga za kumbebea zisihifadhiwe pamoja na vidonge hivyo.

Elimu hii itolewe kwa lugha ambayo mama anaielewa. Katika wilaya hizi, Kiha na Kirundi husikilizana, na muuguzi anayezungumza Kiha huweza kumweleza vizuri mama mkimbizi kutoka Burundi. Kwa akina mama wa Kikongo walioko Nyarugusu, Kiswahili chenyewe kinatosha mara nyingi. Maneno machache kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani huweza kufanya kazi ambayo taa haiwezi: kumfanya mama arudi.

Hitimisho

Diodi ya mseto inafundisha jambo moja kubwa: rangi ya mwanga huweza kuchaguliwa kwa ukubwa wa chembe, na plastiki huweza kuubeba mwanga huo hadi juu ya ngozi ya mgonjwa. Siku bluu yake itakapodumu, ikazibwa vizuri na ikaachana na sumu, mtoto wa Kibondo ataweza kutibiwa akiwa amefungwa mgongoni mwa mama yake. Siku hiyo haijafika, na hata ikifika bado kipimo kitahitajika. Taa isiyopimwa ni sawa na sindano isiyojulikana ina dawa kiasi gani. Kwa sasa mtoto anaokolewa na mambo matatu yaliyo mikononi mwa watu: mama anayemtazama mlangoni asubuhi, kituo kinachompokea bila ya kuchelewa, na taa ya kawaida iliyowekwa karibu, safi, na iliyopimwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini manjano ya mtoto huweza yasionekane chini ya mwanga wa koroboi au wa tochi?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya LED ya galiamu nitridi na LED ya mseto.
3. Taa mbili zinaonekana za bluu sawasawa. Ni mambo gani yanayoamua ipi inatibu?
4. Mtoto aliye chini ya taa ya LED tangu jioni ana nyayo za baridi usiku wa manane. Ni kosa gani limefanyika, na lirekebishwe vipi?
5. Mama anataka kuondoka na mtoto kwa sababu ngozi yake imekuwa nzuri baada ya siku moja ya tiba. Aelezwe nini?